MLANGO: UBAO, UWAZI NA UKOO KATIKA USEMI WA MJI WA KALE, MOMBASA

Maneno ya nyumbani ndiyo yanayochunguzwa kwa uchache zaidi na wataalamu wa Kiswahili. Sababu yake yaeleweka. Mtu hulala, huamka, hupika na hutoka akiwa nayo mdomoni, hata yakaonekana kuwa hayana la kuulizwa. Neno la ushairi lililosahauliwa hufuatwa kwa bidii kutoka Pate hadi Mtang'ata, hali neno mlango, ambalo kila msemaji hulitamka mara nyingi kwa siku, huachiwa seremala. Makala haya yanakusudia kulitazama neno hilo moja, jinsi linavyotumika kisiwani Mombasa na hasa katika Mji wa Kale, na kuuliza swali ambalo jibu lake limekuwa likichukuliwa kuwa linajulikana: ipi ndiyo maana yake ya msingi, na ipi ndiyo ya kitamathali?

Jibu lililozoeleka ni hili. Mlango, husemwa, ni ubao. Matajiri wa miji ya pwani waliweka fahari yao juu ya ubao huo: wakautia nakshi, wakaupigilia misumari ya shaba, wakauandika aya na mwaka. Nyumba ikawa yajulikana kwa mlango wake, na wenye nyumba wakajulikana kwa nyumba yao. Ndipo, kwa njia ya istiari, jamaa wa nyumba moja wakaitwa "mlango". Hivyo mtu akisema "Wale ni wa mlango wa fulani", huaminiwa kwamba asili ya usemi wake ni msaji ulionakshiwa. Maelezo haya husikika kwa wanaowatembeza wageni Ndia Kuu, na husikika pia darasani, ambako mlango hutolewa kuwa mfano mwepesi wa neno lililoanza na kitu cha kushikika kisha likapanda hadi kwenye dhana. Ni maelezo mazuri ya kusikiliza. Kasoro yake ni kwamba hayaafikiani na lugha yenyewe.

Yafaa kuanza na ubao, maana ndio unaoonekana. Mlango wa kale wa Mombasa una miimo miwili, kizingiti cha chini na kizingiti cha juu, na mbao mbili zinazofunguka kwa ndani. Ubao mmoja umepigiliwa mfaa, yaani kile kipande kilichosimama katikati ambacho ubao wa pili hukifikia mlango ukifungwa. Nakshi ya milango ya zamani zaidi ilikuwa ya mistari na maumbo yaliyochorwa bila kuchimbwa sana. Katika karne ya 19 mkono wa mafundi wa Kihindi na matakwa ya wenyeji wenye asili ya Omani vilileta maua mazito, kizingiti cha juu cha duara, na ile misumari mikubwa ya shaba. Juu ya misumari hiyo kuna hadithi inayorudiwa kila siku, kwamba ilibuniwa Bara Hindi kuwazuia ndovu wa vita wasivunje milango kwa vipaji vya nyuso zao. Huenda ikawa kweli huko Bara Hindi. Mombasa hapakupata kuwa na ndovu wa vita aliyepita Kibokoni, na njia zenyewe za mtaa huo hazingempitisha.

Mapambo hayo yote ni ya kweli na yana historia yake, na wanahistoria wa sanaa wameyashughulikia. Mwanaisimu ana swali jingine. Je, hicho ndicho kitu ambacho Mswahili amekipa jina la mlango?

Usemi wa kila siku wajibu kwamba sicho, au sicho kwanza. Nyumba inayojengwa, ambayo kuta zake zimesimama na mbao bado ziko kwa fundi, tayari ina milango. Mwashi ataulizwa ameacha milango mingapi, naye atajibu bila kusita ijapokuwa hapana ubao hata mmoja. Msemaji haoni ajabu kusema, "Mlango wa chumba hiki haujatiwa mlango." Katika sentensi hiyo neno limetajwa mara mbili kwa maana mbili, na ni maana ya kwanza inayobeba ya pili: uwazi waweza kukosa ubao na ukabaki kuwa mlango. Ubao uliong'olewa ukaegemezwa ukutani huitwa mlango kwa sababu ya mahali ulikotoka au unakokwenda. Ukipigwa misumari ukawa meza, jina humwachia seremala na kurudi kwenye uwazi wake.

Vitenzi navyo vyashuhudia. Katika "kushindika mlango" na "kurudisha mlango" kinachoguswa ni ubao, na hapo hapana mjadala. Lakini kile kitenzi kinachotumika zaidi, kufunga, ni kitenzi cha njia na mdomo kabla ya kuwa cha mbao. Mtu hufunga njia kwa kuweka kitu kati, hufunga mdomo, hufunga mlango. Kinachofungwa ni pale pa kupitia, nao ubao ni chombo cha kufungia. Kadhalika umbo la mahali, mlangoni. Mtu akiambiwa "Usisimame mlangoni" haelewi kwamba amekatazwa kuukwea ubao. Anaelewa kwamba amewazibia wenziwe njia.

Ngeli zinatoa ushahidi wa namna nyingine. Kutokana na shina hili hupatikana lango, ambalo ni mlango mkubwa wa mji, wa boma au wa ngome, na kilango, ambacho ni mlango mdogo au upenyo. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ina lango. Nyumba iliyo nyuma yake ina mlango. Banda la kuku lina kilango. Ukubwa na udogo hupimwa barabara. Sasa, ikiwa ukoo umeitwa mlango kwa kufananishwa na ubao wa nyumba, na hasa kwa ukubwa na fahari ya ubao huo, ingetarajiwa kwamba jamaa kubwa yenye nguvu iitwe lango, au walau mtu wa mzaha aiite hivyo, na jamaa iliyofifia iitwe kilango. Hapana asemaye hivyo. Jamaa ya watu mia mbili ni mlango, na jamaa ya watu wanane ni mlango. Istiari iliyo hai hukubali kunyumbuliwa pamoja na kitu chake, hii haikubali. Jambo hili peke yake lingetosha kumtia shaka mwenye kushikilia maelezo ya nakshi.

Kabla ya kuufikia ukoo, maana nyingine zipitiwe, kwa kuwa si zote za asili moja. Baharini, mlango ni mahali mwamba ulipoachana chombo kikapita, au mkono wa bahari ulio kati ya nchi mbili. Nahodha aingiaye kutoka maji makuu hutafuta mlango kama vile mgeni mjini anavyotafuta mlango wa mwenyeji wake. Katika Mji wa Kale wenyewe lipo jina la mahali, Mlango wa Papa, na hapana aendaye huko kutafuta bawaba. Katika vitabu, mlango ni sehemu ya maandishi. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaifahamu maana hii, na walimu wa madrasa waliizoea kabla yao, kwa sababu Kiarabu hutumia bab kwa mlango wa nyumba na kwa mlango wa kitabu. Kiarabu hicho hicho hutumia bab kwa mlango wa bahari, kama katika jina la Bab el Mandeb. Milango ya fahamu ni mitano: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Milango ya riziki na ya heri huombwa ifunguliwe. Katika hizi, maana ya kitabu haina budi kuhesabiwa kuwa imefuata Kiarabu, na ile ya riziki inafanana mno na dua za Kiarabu kuweza kutengwa nazo. Zote, hata hivyo, zasimama juu ya uwazi. Hakuna hata moja iliyosimama juu ya ubao.

Kizingiti, kwa njia ya mkato, kimepatwa na bahati tofauti. Katika magazeti ya Kenya vizingiti vimekuwa jina la kila kinachozuia: vizingiti vya maendeleo, vizingiti vya elimu. Ajuza wa Mji wa Kale aliyevuka kizingiti cha nyumba yake kwa miaka sabini, akiinua mguu bila kufikiri, hangekiita kizuizi. Kwake kilikuwa alama ya kwamba sasa yumo ndani. Waandishi wa habari wamekitazama kutoka nje.

Basi ukoo. Wenyeji wa Mombasa wamejipanga kwa muda mrefu katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili: matatu ya upande mmoja, ambayo ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe; na tisa ya upande wa pili, ambayo ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wafaza, Wabajuni na Wakatwa. Neno taifa, na hesabu yenyewe ya thenashara, ni Kiarabu. Taifa huweza kuitwa mji pia, na hapo tayari tumo katika majina ya mahali yaliyopewa watu. Ndani ya taifa mna milango. Ndani ya mlango mna nyumba. Na waliozaliwa na mama mmoja ni wa tumbo moja. Haifai kuyapanga maneno haya kama vidato vya ngazi visivyosogea. Kile ambacho msemaji mmoja ataita mlango, mwingine aliye karibu zaidi na jamaa hiyo huweza kukiita nyumba, na wote wawili wako sawa, kwa kuwa kila mmoja hupima kutoka aliposimama. Walioandika jedwali za ukoo wa Waswahili wakaziba kila nafasi kwa neno moja wameirahisisha lugha kuliko wenyewe wanavyoisema.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba maneno yote matatu, mlango, nyumba na tumbo, ni ya Kibantu, hali jina la juu yake ni la kigeni. Tena, Waarabu katika kuligawa kabila hutumia majina ya mwili: batni, ambalo ni tumbo, na fakhidhi, ambalo ni paja. Katika tumbo wanakutana na Waswahili, na yawezekana kukutana huko kuna historia. Katika mlango hawakutani. Kwa hiyo, wakati maana ya kitabu ina mlango wa kuingilia kutoka ng'ambo, maana ya ukoo haina. Na mwenye kutafuta jamaa zake hana budi kuipa bahari mgongo na kutazama bara.

Bara jamaa zake ni wengi. Katika Kinyarwanda, umuryango ni mahali pa kuingilia nyumbani na pia ni jamaa ya watu wa asili moja. Ni shina lile lile la mlango wa Kiswahili, nayo nchi ya Rwanda iko mbali na nakshi za Mombasa kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Kuna ushahidi wa ajabu zaidi kutoka nje ya Kibantu. Wajaluo huita ukoo dhoot, neno lililoundwa kwa "mdomo" na "nyumba", yaani mlango. Wanueri wa Sudani Kusini huita mfuatano wa jamaa thok dwiel, ambalo pia ni mdomo wa nyumba. Evans-Pritchard alilieleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1940. Hawa wote walijenga kwa udongo, miti na nyasi. Hapana hata mmoja kati yao aliyehitaji msaji wa Bara Hindi ndipo aone kwamba mlango ni ukoo.

Sababu ya fikira hii haiko mbali. Katika boma la mume mwenye wake kadhaa, kila mke ana nyumba yake na kila nyumba ina mdomo wake. Baba ni mmoja, lakini wana wanaotoka mdomo huu si wale wanaotoka mdomo ule. Watoto wakikua, wakioa na kuzaa, mgawanyiko ulioanzia kwenye nyumba mbili za udongo huwa mgawanyiko wa koo mbili. Mlango ndio mahali jamaa ilipoachana. Kwa hiyo swali "Wametoka mlango gani?" si la kitamathali hata kidogo katika mazingira hayo. Ni swali la kweli kuhusu mahali ambapo watu kweli walipitia, na kitenzi chake, kutoka, hakijahama. Mombasa bado husemwa mtu "ametoka" mlango fulani. Husemwi kwamba "ameingia", hata awe mke aliyeolewa humo akakaa miaka hamsini.

Pingamizi moja ni la haki na lisifichwe. Waganda wanalo neno omulyango, kwa maana ya mlango wa nyumba, na mgawanyiko wa koo zao umejaa majina ya nyumbani: essiga, ambalo ni jiwe la jiko, omutuba, ambao ni mti wa kutolea gome la nguo, oluggya, ambao ni ua, na enju, yaani nyumba. Wamechukua karibu kila kitu bomani wakauacha mlango. Hili laonyesha kwamba shina la Kibantu halikuja na maana ya ukoo ndani yake kama kokwa katika tunda. Kinachoenea kutoka Mto Nili hadi pwani, basi, si neno moja lililorithiwa pamoja na maana zake zote. Ni desturi ya kuutaja ukoo kwa sehemu ya nyumba, na kila jamii huchagua sehemu iliyoona inafaa. Waswahili walichagua mlango, wakiwa upande mmoja na majirani zao Wajaluo, ambao lugha yao haina undugu wowote na Kiswahili.

Likikubaliwa hili, uhusiano wa ubao na ukoo wageuka. Haikuwa kwamba ubao ulionakshiwa ukaipa jamaa jina. Jamaa ilikuwa tayari ni mlango, na kwa hiyo tajiri alipotaka kuonyesha yeye ni nani, alijua pa kuweka fedha zake. Angeweza kuzimwaga kwenye paa au kwenye madirisha. Alizimwaga pale ambapo lugha yake ilikuwa imekwisha mwambia kwamba ndipo jamaa inapoanzia. Fundi wa Kihindi alileta patasi yake na maua yake kwenye uwazi uliokuwa na jina na uzito tangu zamani. Hoja hii haiwezi kuthibitishwa kwa hati, lakini inaeleza kitu ambacho maelezo ya kawaida hayakielezi, yaani kwa nini fahari yote hiyo ikawekwa mlangoni.

Mahali ambapo maana zote mbili hukutana waziwazi ni katika arusi. Bwana arusi akifika kwenye chumba cha bibi arusi huukuta mlango umefungwa, na wanawake walio ndani hawaufungui mpaka atoe kifungua mlango. Ubao upo, komeo lipo, na fedha ni fedha. Lakini hakuna aliyehudhuria asiyejua kwamba kinachofunguliwa ni zaidi ya chumba. Mtu wa mlango mmoja anaruhusiwa kupita katika mlango mwingine, na atakaozaa watakuwa na njia mbili za kuhesabiwa. Kifungua mlango hakiko peke yake. Mfuatano mzima wa ada za arusi za zamani ulitajwa kwa vyombo na nguo za kila siku: kilemba kwa wazee wa kiume, mkaja kwa mama kwa ajili ya nguo aliyojifunga alipozaa, ubeleko kwa ajili ya nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Kuziita hizi "tamathali za usemi", kama ifanywavyo katika baadhi ya vitabu vya shule, ni kupunguza mambo. Mama aliyepokea mkaja alikuwa amejifunga mkaja kweli. Jina la ada lilikuwa kumbukumbu ya kazi iliyofanyika, na aliyelipa alikuwa anaambiwa ni kazi gani anailipia.

Inafaa kutua kidogo kwenye usemi mmoja ambao umepotosha mambo, nao ni "mlango wa nyuma". Maofisini na magazetini, aliyepata kazi kwa mlango wa nyuma ameipata kwa hila. Usemi huu una harufu ya ugeni, na jengo linalofikiriwa ndani yake ni la ofisi: mbele pana mapokezi na foleni, nyuma pana anayepenyezwa. Nyumba ya Mji wa Kale haikupangwa hivyo. Mbele yake mna baraza, na baraza ndipo mgeni anapokaribishwa na pia ndipo anapozuiwa. Wanaume wasio wa nyumba huishia hapo, au katika chumba cha wageni karibu na mlango. Katika nyumba zenye ua, jirani wa kike, shangazi, mwana wa ndugu na mkunga hupita mlango wa uani, hodi yao ikiwa fupi na mara nyingine ikisikika wakiwa wamekwisha ingia. Kuingia kwa mlango wa mbele ni heshima. Kuingia kwa mlango wa uani ni udugu. Hivyo mahali pale pale, nyuma ya nyumba, pamepewa na lugha moja hukumu mbili zinazopingana, na mwanafunzi wa Nairobi asomaye hadithi ya pwani humdhania vibaya mhusika aliyepitia uani. Mwalimu asipomweleza, atamaliza kitabu akiwa amemwona jirani mwema kuwa mwizi.

Kosa la namna hiyo darasani huleta alama mbaya tu. Kwenye hati huleta hasara. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi katika pwani ya Kenya wapeleke madai yao kwa serikali ya kikoloni, na tangu hapo maneno ya Waswahili ya kuhesabu watu yamelazimika kuvaa nguo za Kiingereza. Mataifa kumi na mawili yaliitwa "makabila" kumi na mawili, ijapokuwa Mkilindini na Mmvita wanasema lugha moja, wanasali msikiti mmoja na wanaoana. Mlango ulikuwa na bahati mbaya zaidi, kwa sababu mfasiri anayejua kwamba hauwezi kuwa ubao hukimbilia neno la karibu, ama "jamaa" ama "ukoo". Hayo si mamoja. Nyumba ikiwekwa wakfu kwa watu wa mlango wa fulani, mlango huo ni mpana kuliko jamaa ya baba, mama na watoto, na ni mwembamba kuliko ukoo wote wenye jina lile. Atakayesoma "jamaa" atawatoa binamu; atakayesoma "ukoo" atawaingiza watu ambao mwenye kuweka wakfu hakuwakusudia. Wazee wanaojua mpaka ulipo wanaweza kuulizwa leo, na wanapungua.

Hapa ndipo kazi ya kamusi inapohitaji kuhakikiwa. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, iliyotokana kwa sehemu kubwa na Kiswahili cha Mombasa, ile ya Johnson ya mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni nguzo ambazo hakuna mtafiti anayeweza kufanya kazi bila ya kuziegemea. Shida iko katika desturi iliyozoeleka ya kupanga maana, ambayo wanafunzi wa leonia wanaendelea kuifuata bila kuihoji: kitu cha kushikika huwekwa kwanza, kisha nafasi, kisha watu, kwa dhana kwamba akili ya binadamu husafiri kutoka kwenye ubao kwenda kwenye fikira. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, matumizi ya Mombasa yamekuwa na mzigo wa ziada, kwa kuwa maana iliyo hai zaidi huku hutiwa alama ya lahaja au husogezwa mwisho wa orodha. Msomaji anayefika namba nne akakuta ukoo huona ni pambo la usemi wa watu fulani.

Mpangilio ambao ushahidi uliotolewa hapa unauunga mkono ni mwingine: kwanza, uwazi wa kupitia, wa nyumba, wa mwamba au wa mwili, pili, watu waliotokea uwazi mmoja, tatu, ubao wa kuufungia uwazi huo, nne, sehemu ya kitabu, ikielezwa kuwa imefuata Kiarabu. Maana ya pili isitiwe alama ya tamathali. Lango na kilango viingizwe pamoja na maelezo kwamba havitumiki kwa watu.

Wakati huo huo, neno lenyewe haliwasubiri watunga kamusi. Mji wa Kale uko katika hifadhi, na sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 2006 imeipa Makumbusho ya Taifa ya Kenya mamlaka juu ya majengo ya namna hiyo. Hata hivyo nyumba nyingi zimegawanywa kuwa vyumba vya kupanga, na milango ya zamani imekuwa bidhaa yenye wanunuzi wa mbali. Mahali pengi ilipokuwa sasa pana chuma. Cha kuangaliwa ni kwamba mlango wa chuma wa mbele, unaofunguliwa na wapangaji wote, umepewa jina la geti, na neno mlango limerudi ndani, kwa kila mpangaji na chumba chake. Geti limechukua ubao, kitasa na ulinzi. Watu wa mtaani hulisema siku nzima, na bado hajasikika aliyeulizwa ametoka geti gani.